Tubu, Juta, Kwihana: Safari ya Kitenzi Kimoja hadi Mwandiga

Mathayo anapoanza kusimulia mahubiri ya Bwana wetu, katika sura ya 4 mstari wa 17, neno la kwanza analoliweka kinywani mwake ni amri. Kwa Kiyunani ni metanoeite. Katika Biblia tunazosoma kanisani ni tubuni. Amri hiyo hiyo ilikuwa imetangulia kutoka kinywani mwa Yohana Mbatizaji, na Petro aliitoa tena siku ya Pentekoste. Kitenzi hicho, metanoeo, kinaonekana mara 34 katika Agano Jipya, na nomino yake, metanoia, mara 22.

Sisi tunaofundisha Neno huku Mwandiga tunaulizwa maswali matatu juu ya kitenzi hiki kila mwaka, na wanaouliza ni wanafunzi wa ubatizo, wazee wa kanisa, hata wahubiri. La kwanza: je, tubu si neno la Waislamu, na kwa nini Wakristo wanalitumia? La pili: je, mtu ambaye hakulia ametubu kweli? La tatu: je, aliyetubu akabatizwa, kisha akaanguka, anaweza kutubu tena, au mlango ulifunguliwa mara moja tu?

Ndugu msomaji asidhani haya ni maswali ya darasani. Mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana anaporudi, wazee hukaa na kuamua kama wampokee. Mmoja analia sana na anapokelewa siku hiyo hiyo, ingawa fedha za watu bado ziko mfukoni mwake. Mwingine amekwisha kulipa deni na kupatana na jirani yake, lakini macho yake ni makavu, na wazee wanasema asubiri kwanza. Wa tatu haji kabisa, kwa sababu alisikia mhubiri akisema kwamba Kiyunani chenyewe kinafundisha toba ya mara moja. Tukilielewa vibaya neno hili, tunamfungia mlango mtu ambaye Kristo amemfungulia. Kwa hiyo tumeona vema tufuatilie safari yake kwa utaratibu, tangu Kiyunani hadi vinywani mwetu.

Njia ya ziwa: tubu

Mwandiga iko kati ya njia mbili. Upande wa chini iko Kigoma mjini na Ujiji, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Upande wa juu inaondoka barabara inayopanda kuelekea Manyovu, mpakani na Burundi. Maneno ya imani yetu nayo yalitufikia kwa njia hizo mbili.

Kiswahili kilifika ziwani pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani ya bahari. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walifika mahali palipokwisha kujulikana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871. Wamisionari wa kwanza kukaa walifuata baadaye kidogo: watu wa London Missionary Society mwezi Agosti 1878, na Mapadre Weupe mwezi Januari 1879. Walipokuja, lugha ya kuelewana na watu wengi wa mji ilikuwa tayari ipo, na ndani yake yalikuwamo maneno ya dini: imani, dhambi, sala, rehema, toba. Maneno haya yalitoka katika Kiarabu, na watu wa Ujiji waliyajua kabla hawajasikia Injili.

Hivyo ni kweli kwamba tubu lilitufikia kutoka Kiarabu kupitia jirani zetu Waislamu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya habari. Katika Kiarabu, kitenzi taba maana yake ya msingi ni kurudi: mja aliyepotoka anamrudia Mungu wake. Na wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanaona kwamba kwa maana hiyo ya dini Kiarabu kilikipokea kitenzi hiki kutoka Kiaramu, lugha iliyosemwa na Wayahudi na Wakristo wa Mashariki muda mrefu kabla ya Uislamu.

Hapa inafaa tutulie kidogo. Bwana wetu alikulia Galilaya, na lugha ya Galilaya ilikuwa Kiaramu. Mathayo ametupa amri yake kwa Kiyunani, lakini yaelekea makutano ya kando ya ziwa waliisikia kwa lugha ya nyumbani kwao. Makanisa ya Shamu, ambayo lugha yao, Kisiria, ni tawi la Kiaramu, yalitafsiri Injili zamani sana, na Biblia yao huitwa Peshita. Katika Mathayo 4:17 waliandika amri ya kitenzi tub, yaani kurudi. Ukizisoma herufi zake moja moja unapata t, u, b, u, ingawa ile ya mwisho haitamkwi. Hatudai kwamba tunajua sauti yenyewe iliyotoka kinywani mwa Bwana. Tunasema tu kwamba mtu wa Mwandiga anapoambiwa tubu, anaambiwa kwa neno la ukoo ule ule waliolitumia Wakristo wa kwanza wa lugha ya Kiaramu. Hana sababu ya kulionea haya, wala ya kumcheka jirani yake wa Ujiji anayesema toba.

Tena maana yake inakubaliana na manabii. Katika Agano la Kale, Hosea na Yeremia wanapowaita Israeli wamrudie Bwana, kitenzi chao cha Kiebrania ni shub, kurudi. Ni kitenzi cha kawaida kabisa, cha mtu aliyeshika njia isiyo yake akageuka.

Kiyunani chenyewe

Sasa, je, metanoeo nalo ni kurudi? Wahubiri wengi hufundisha kwamba neno hili limeundwa kwa sehemu mbili: meta, yaani mabadiliko, na noeo, yaani kufikiri, basi kutubu ni kubadili mawazo. Jambo hilo si uongo, lakini halitoshi. Maana ya neno haiko katika vipande vyake peke yake. Mwanafunzi kwa Kiswahili ana mwana ndani yake, lakini mzee wa miaka 70 aliyeanza darasa la kusoma ni mwanafunzi pia, na hakuna anayemwita mtoto. Maana ya neno huonekana katika jinsi watu wanavyolitumia.

Tuangalie basi matumizi. Wayahudi waliolitafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani, tafsiri iitwayo Septuaginta, kwa kawaida walitafsiri shub kwa kitenzi epistrefo, kugeuka. Metanoeo walikitumia hasa kwa kitenzi kingine cha Kiebrania, niham, ambacho kina maana ya kughairi au kusikitikia jambo. Katika Yona 3:9 mfalme wa Ninawi anatumaini kwamba Mungu mwenyewe ataghairi, na Septuaginta inatumia metanoeo.

Lakini Bwana wetu anapowataja watu hao wa Ninawi, katika Mathayo 12:41, Injili inasema metenoesan, walitubu. Walifanya nini? Tukirudi kwa Yona 3:10, hakuandika kwamba Mungu aliyaona mawazo yao mapya, wala machozi yao. Mungu aliona matendo yao, jinsi walivyorudi na kuiacha njia yao mbaya. Hapo kitenzi cha Kiebrania ni shub. Kwa hiyo katika Injili metanoeo limebeba mzigo wote wa shub: nia inageuka, na miguu inafuata. Petro anayaweka maneno mawili pamoja katika Matendo 3:19, tubuni na mgeuke, na Paulo anafanya vile vile mbele ya Agripa katika Matendo 26:20, tena anaongeza matendo yanayoipasa toba.

Tafsiri ya Roehl: juteni

Si watafsiri wote walioridhika na tubu. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alitoa Agano Jipya lake la Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Aliona kwamba Wakristo wengi wa bara hawakuzaliwa katika Kiswahili cha Unguja, na kwamba maneno mengi ya Kiarabu yalikuwa mageni masikioni mwao. Akajitahidi kuyapunguza na kuweka maneno ya Kibantu badala yake. Pale penye tubuni, Roehl aliandika juteni.

Nia yake ilikuwa njema. Alitaka mkulima wa kijijini aisikie Injili bila mkalimani. Lakini kila tafsiri ina gharama. Kujuta kwa Kiswahili ni kusikitika kwa jambo lililokwisha kupita. Wazee wetu husema majuto ni mjukuu: huja baadaye, wakati mambo yamekwisha haribika. Mwenye kujuta anatazama nyuma. Neno lenyewe halimwambii aende wapi.

Na Kiyunani kina kitenzi kingine kwa ajili ya majuto: metamelomai. Hicho ndicho Mathayo anachokitumia katika 27:3 juu ya Yuda. Yuda aliumia moyoni, alikiri kosa, hata fedha alizirudisha. Kitu kimoja alikosa: hakumrudia Bwana. Alikwenda peke yake. Petro usiku ule ule alilia kwa uchungu, lakini siku ya Pasaka tunamkuta pamoja na ndugu, na baadaye kando ya bahari, mbele ya Yesu.

Hata hivyo tusiweke ukuta kati ya vitenzi hivi viwili. Katika mfano wa wana wawili, Mathayo 21, mwana aliyekataa kisha akaenda shambani, naye anatajwa kwa metamelomai, na Bwana anamsifu. Kilichomtofautisha na Yuda ni kwamba aliishia katika shamba la baba yake. Paulo anaeleza uhusiano huu katika 2 Wakorintho 7:9-10: huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu inazaa toba. Huzuni ni mlango. Wako wanaoupita wakilia na wako wanaoupita kimya, na wako pia wanaolia mlangoni miaka mingi bila kuingia.

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, inayoitwa Union Version, ilirudi kwenye tubuni, na ndiyo iliyoenea zaidi katika makanisa yetu.

Njia ya Manyovu: kwihana

Njia ya pili ni ile ya juu. Katika miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni ya Kianglikana alipokuwa Daktari Joe Church, ambaye mwaka 1929 alikuwa amekutana na Simeoni Nsibambi huko Kampala. Kutoka hapo moto ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waliokokao walisimama mbele ya wengine wakataja dhambi zao. Wengi walirudisha vitu walivyoiba na kuomba radhi kwa watu waliowachukia.

Katika Kinyarwanda na Kirundi, neno lao la kutubu ni kwihana. Mzizi wake ni hana, kuonya au kuadhibu, na ile i ni kiambishi cha kujirejea, kama ji katika kujiona. Kwihana ni kujionya, kujirudi mwenyewe. Waganda nao husema kwenenya, kutoka kunenya, yaani kulaumu: kujilaumu. Kiha ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi, na Mha akisikia kwihana haitaji kamusi.

Neno hili lina nguvu ambayo tubu peke yake haina. Linamwondolea mtu nafasi ya kumshtaki mwenzake. Katika ugomvi wa mpaka wa shamba, kila upande huja na orodha ya makosa ya upande wa pili. Kwihana humtaka kila mmoja aanze na orodha yake mwenyewe. Bila shaka hii ni sababu mojawapo iliyofanya ushuhuda wa Uamsho uwachome watu: hawakuhubiri kwanza dhambi za wasikilizaji, bali zao.

Lina hatari yake pia. Anayejionya anaweza kujizunguka yeye mwenyewe siku zote. Kukiri hadharani kukifanywa kuwa kipimo, aliyekiri kwa kirefu huonekana ametubu sana, na mnyenyekevu asiyejua kuongea huonekana mgumu wa moyo. Hapo ndipo tubu inapomsaidia kwihana: baada ya kujionya, rudi.

Je, ni mara moja tu?

Tufike sasa kwenye swali linalowatesa wengi. Kiyunani kina aina mbili za amri. Ya kwanza hufuata njeo ya wakati uliopo, kama metanoeite katika Mathayo 3:2 na 4:17 na Marko 1:15. Ya pili huitwa aoristo, kama metanoesate katika Matendo 2:38. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika amri. Zote mbili ni tubuni. Wako wanaofundisha kwamba aoristo maana yake ni mara moja na kwa wakati wote. Kwa hiyo, wanasema, Petro alidai toba isiyorudiwa.

Aoristo haisemi hivyo. Inalitaja tendo kwa ujumla wake, bila kueleza lilivyoendelea. Sisi tukisema alilima shamba, tumelitaja tendo zima. Hatukusema kama alilima siku moja au mwezi, wala kama hatalima tena mwakani. Tukisema alikuwa akilima, tumeingia ndani ya tendo na kulitazama likiendelea. Tofauti ni ya namna ya kutazama, haihesabu mara.

Maandiko yenyewe yanathibitisha. Katika Ufunuo 2:5 Bwana anaandikia kanisa la Efeso, watu waliokwisha kuamini na kuvumilia mateso, na anawaamuru watubu. Kitenzi ni aoristo. Vivyo hivyo kwa Pergamo, Sardi na Laodikia. Kama aoristo ingekuwa na maana ya mara moja tu, Bwana asingewaambia hivyo watu waliokwisha kutubu. Na katika Luka 17:3 anasema juu ya ndugu aliyekosa: akitubu, msamehe. Hapo pia ni aoristo. Mstari wa 4 unaongeza kwamba ndugu huyo anaweza kurudi mara saba kwa siku moja akisema natubu, nasi tunapaswa kumsamehe. Je, Bwana atudai sisi kusamehe mara saba, naye mwenyewe afunge mlango baada ya ya kwanza?

Vile vile tusitumie ile njeo ya wakati uliopo kujenga mafundisho peke yake. Luther, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kutokana na Mathayo 4:17 kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Hoja yake ilihusu maana ya agizo la Bwana, ambalo katika Kilatini lilikuwa limezoeleka kueleweka kama kutimiza kitubio mbele ya padre. Fundisho hilo linasimama juu ya Maandiko yote, wala halitegemei herufi za mwisho za kitenzi.

Kuna jambo moja zaidi la sarufi. Katika Agano Jipya metanoeo iko daima katika kauli ya kutenda. Hakuna mtu anayetubiwa. Mama hawezi kutubu kwa niaba ya mwanawe, wala kanisa kwa niaba ya muumini. Lakini Matendo 11:18 inasema pia kwamba Mungu ndiye aliyewapa mataifa toba. Mtu anarudi kwa miguu yake mwenyewe, na bado neema ndiyo iliyomwamsha. Tunayashika yote mawili.

Tufanye nini basi?

Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, katika Luka 3:10-14, hakuwaagiza walie. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari asidhulumu, aridhike na mshahara wake. Kila mmoja alipewa tunda la kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo muuza dagaa sokoni atatubu kwa kuacha sado iliyobonyezwa ndani. Mwenye mawese ataacha kuyachanganya. Aliyekula fedha za kikundi atakwenda kwa wanakikundi na mpango wa kulipa, hata kama ni kidogo kidogo. Aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane ataurudisha mahali pake mchana, mashahidi wakiwapo. Na asiye na uwezo wa kulipa yote leo asikatazwe kuja, maana mwana mpotevu alikuja na mikono mitupu, na baba alimwona angali mbali.

Tunawasihi wazee wa kanisa, anaporudi mtu, wasimwulize kwanza kama amelia, wala amekwisha kutubu mara ngapi. Wamwulize ameacha nini, anarudi kwa nani, na wao wamsaidieje katika njia hiyo. Akiwa ni Mha wa Mwandiga, na waseme naye kwa maneno yote matatu aliyopewa: ajute kwa alilolifanya, ajihane mwenyewe kabla ya kumshtaki mwingine, na atubu, yaani arudi. Kisha wampokee, wakikumbuka kwamba Bwana hakuitoa amri ile peke yake. Aliiambatanisha na habari njema, kwamba ufalme wa mbinguni umekaribia. Anayeambiwa arudi anaambiwa pia kwamba Mungu yu karibu naye.